Soya Kwenye Kibuyu cha Maziwa

Fundi cherehani mmoja wa Bunda aliacha vidonge vyake vya presha kwa sababu ya maelezo yangu. Sikumwambia aviache. Nilisema mambo mazuri na ya kweli, nikayasema kwa furaha, naye akayachukua akaenda nayo mahali ambapo sikumwelekeza. Nimefundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi, nikadhani najua kupima maneno yangu. Nitaeleza ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa sababu soya yenyewe haikuwa na kosa, na mpaka leo naisifu kila ninapompata mtu wa kunisikiliza.

Mwanzo ulikuwa nyumbani kwa mama yangu, Butiama. Mama ni mtu wa ng'ombe. Kwetu nyumba ya mwanamke mzima haikosi maziwa ya mgando. Mgeni hupewa kabla hajaulizwa habari za safari. Lakini kiangazi kimoja kirefu kiliwamaliza ng'ombe wawili kati ya wanne aliokuwa nao, na waliobaki wakahamishiwa kwa kaka yangu, Suguti, ambako nyasi zilikuwapo. Vibuyu vya mama vikabaki vimening'inia ukutani, vimekauka. Asubuhi akawa anakunywa chai ya rangi kikombe kimoja, anashika jembe. Alikuwa na presha, na zahanati walimpa vidonge vya kumeza kila siku. Mimi naishi Musoma mjini, Iringo, na kila nikimpigia simu alisema vidonge anameza. Hata hivyo, kila alipopimwa presha ilikuwa juu.

Nilianza kumpelekea soya kwa sababu ya protini. Mtu aliyezoea maziwa maisha yake yote, halafu yakakatika, anahitaji kitu cha kujaza pengo, na katika jamii ya kunde sijui punje inayoishinda soya kwa hilo. Nilimpelekea kilo mbili nikamwambia achanganye na ulezi wa uji. Nikasahau kumweleza jambo moja. Kwetu ulezi huoshwa, huanikwa, hupelekwa mashineni, basi. Soya nayo akaitendea hivyo hivyo, akaisaga ikiwa mbichi. Siku mbili baadaye simu ikaita.

"Mwalimu, hii nafaka yako ina ugomvi na mimi?"

"Imefanya nini, mama?"

"Tumbo linanguruma mpaka kuku wanageuka kuniangalia."

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Soya mbichi ina kinga yake ya asili. Ndani ya punje mna kitu kinachozuia vimeng'enya vya tumbo letu visiikate protini, na uji huchemka kwa muda mfupi mno kukivunja. Ndiyo maana soya ni lazima ichemshwe vya kutosha au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Jumamosi iliyofuata nikaenda mwenyewe kumwonyesha njia nyingine, ya kutengeneza maziwa. Tuliichagua, tukailoweka tangu jioni, asubuhi tukamwaga maji, tukaisugua kwa viganja mpaka maganda yakaelea. Tukaitwanga, tukaongeza maji, tukaibandika jikoni na kuichemsha kwa muda mrefu huku mmoja wetu akikoroga, maana povu lake hupanda ghafla kuliko la maziwa ya ng'ombe. Kisha tukaichuja kwa kitambaa cheupe.

Mama akaonja. Akakishusha kikombe polepole, kwa heshima.

"Sema tu," nikamwambia.

"Yana harufu ya majani, kama nimemnyang'anya mbuzi." Akaonja tena. "Lakini ni maziwa. Na maziwa yakiwa na harufu, sisi tunajuaga la kufanya."

Akainuka, akashusha kibuyu kimoja ukutani. Alikiosha, akachukua kijinga cha moto cha mti anaouamini, akakiingiza ndani na kukisugua pande zote mpaka moshi mwembamba ukatoka mdomoni mwa kibuyu. Akakung'uta majivu. Akaomba kijiko cha mgando kwa jirani, akasubiri maziwa ya soya yapoe mpaka kidole kinaweza kukaa ndani, akavichanganya, akaziba. Kesho yake yalikuwa yameganda, laini, yenye ukali kidogo na harufu ya moshi. Yale majani yalikuwa yamepotea.

Nataka ieleweke kwamba wazo hilo halikuwa langu. Mimi niliyasoma mambo ya soya kwenye vitabu na makala, na sikuwahi kufikiria kibuyu. Mama, aliyeishia darasa la nne, alifika kwa mikono yake mwenyewe pale pale ambapo watafiti wa chakula wanafika kwa mashine zao. Kuchachusha soya huipa thamani ambayo haikuwa nayo.

Nilimweleza kwa nini, tukiwa tumekaa mlangoni na vikombe vyetu. Nilitumia mtungo wa samaki, kwa sababu mama aliwahi kukaa ziwani kwa wajomba zake akaona watoto wakivua furu na kuwatunga kwenye jani refu, mmoja nyuma ya mwingine. Protini ni mtungo kama huo, nikamwambia, mrefu sana na umejikunja. Ukiwa mzima mwili hauwezi kuutumia, lazima ukatwe. Tumbo linakata, na wale bakteria wa kibuyuni nao wanakata, kwa hiyo unapokunywa, kazi imeshaanza. Ukikatwa mpaka samaki mmoja mmoja, mwili unawachukua kujenga nyama na damu. Lakini vipo vipande vifupi vya samaki wawili, watatu, kumi, ambavyo vikibaki hivyo vina kazi zake vyenyewe. Vinaitwa peptaidi.

"Kazi gani?" mama akauliza.

"Vingine vinapambana na uchafu unaochosha chembe za mwili. Vingine vinasaidia kupunguza mafuta kwenye damu. Na vipo vinavyogusa presha. Mwilini kuna kimeng'enya kinachotengeneza kitu cha kukaza mishipa. Peptaidi hizo zinakishika mkono kidogo, mishipa inalegea, damu inapita bila kusukumwa sana."

"Zilikuwa zimekaa tu ndani ya huo mtungo?"

"Zilikuwa zimefungwa humo. Mpaka mtungo ukatwe, hazifanyi kitu."

Akatazama kikombe chake. "Kumbe punje ndogo namna hii imeficha watu wa kazi."

Sijawahi kusikia mwanafunzi akilifupisha somo hilo vizuri zaidi.

Niliongeza, kama nilivyopaswa kuongeza kila mahali baadaye, kwamba mengi ya hayo yameonekana maabara na kwa wanyama, na kwamba kwa binadamu matokeo yanatia moyo lakini ni ya kiasi. Mama akaitikia kwa kichwa. Miezi miwili mitatu ikapita. Kila alfajiri alikunywa kikombe kimoja cha soya ya kibuyuni. Alipokwenda zahanati, presha ilikuwa imeshuka. Mwezi uliofuata ikawa imeshuka zaidi. Muuguzi alimpongeza mbele ya foleni nzima. Mama alinipigia simu kunisimulia na mimi nikatembea nyumbani kwangu siku ile kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Ndipo nikaenda Bunda. Kikundi cha akina mama wa kanisa kule waliniomba niwaeleze habari za lishe, na mimi nilikuwa na habari iliyokuwa inaniwasha ulimini. Nilitengeneza maziwa ya soya, nikayagandisha. Kwa kuwa nilitaka wayaone kama nilivyoyaona kwa mama, nilinunua vibuyu vidogo vipya sokoni, vizuri, vya rangi ya asali, nikavisafisha kwa maji ya moto na kuyatia humo. Niliwaeleza kuchemsha, kuchuja, kugandisha. Nikawatungia samaki wangu. Nikawasimulia kuhusu mama, kwamba presha iliyokataa kushuka imeshuka tangu ameanza kibuyu. Walipiga vigelegele. Ile sehemu ya matokeo ya kiasi niliisema mwishoni, wakati watu wanainuka kuonja.

Fundi cherehani alikuwa mmoja wao, mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku isiyo ya kazi. Aliniomba kibuyu kimoja.

"Mwalimu, presha na mimi tunalala kitanda kimoja mwaka wa nne huu," alisema. "Nipe hicho chenye tumbo kubwa."

Nikampa, pamoja na mgando kidogo wa kuanzia.

Wiki tatu baadaye nilipita Bunda, nikamsalimia kwenye baraza anakofanyia kazi, karibu na soko. Alikuwa na rundo la vitambaa vya zambarau, sare za kwaya. Alinikaribisha kwa shangwe, akanikalisha, akanionyesha kibuyu. Alikuwa amejifunza kutengeneza mwenyewe, na maziwa yake yalikuwa mazito kuliko yangu. Nilimsifu. Kisha nikaona anajaribu kupitisha uzi kwenye sindano ya cherehani mara tatu, mara nne, na kila mara unapita pembeni.

"Macho?" nikamuuliza.

"Yanakuja na kuondoka. Na kisogo kinanigonga tangu juzi. Nadhani ndiyo soya inaufukuza ugonjwa, unagoma kutoka."

"Vidonge unameza saa ngapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana. "Nimevipumzisha, mwalimu. Siwezi kuchanganya."

"Nani alikuambia usichanganye?"

"Jamani, si uliniletea kibuyu?"

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mgeni. Mtu akipewa dawa ya mizizi kwenye kibuyu kidogo, huweka kando dawa nyingine yoyote mpaka kibuyu kiishe, kwa sababu dawa mbili zikikutana tumboni hugombana na mgonjwa ndiye anayeumia. Bibi yake alikuwa akifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo. Mimi nilikuja na vibuyu vidogo, nikataja presha, nikasimulia mgonjwa aliyepona. Alifuata utaratibu, na aliufuata kwa uaminifu kuliko wagonjwa wengi wanavyofuata wa hospitali. Wiki tatu nzima hakugusa kidonge.

"Fundi, inuka twende kituo cha afya."

"Leo? Kwaya inaimba Jumapili, nina sare kumi na moja hazina mikono."

"Wataimba bila mikono."

"Waimbe wakiwa makwapa wazi mbele ya mchungaji?" Alicheka, akashika kisogo, akaacha kucheka. Niliona kwamba ameogopa. Akafunika cherehani kwa kanga, akafunga mlango.

Muuguzi alimpima, akatazama kipimo, akamwambia apumzike kidogo. Akampima tena mkono wa pili. Akaenda kumwita daktari. Tuliambiwa presha ile ni ya kupasua mshipa wa kichwa, na kwamba hataondoka mpaka waone inaanza kushuka. Wakampa dawa, wakamlaza chumba cha mapumziko. Muuguzi akauliza nani alimshauri aache vidonge.

"Nilijiamulia mwenyewe," fundi akasema haraka, bila kunitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpa soya iliyogandishwa nikamsifia. Sikumwambia kwamba vidonge vinaendelea."

Nilitegemea karipio. Muuguzi, msichana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, aliniuliza soya ilichemshwa vipi, akauliza vidonge vya fundi ni vya aina gani, akaviangalia kwenye kumbukumbu za kliniki, akasema vinaweza kwenda pamoja na soya bila shida. "Chakula kizuri hicho," alisema. "Lakini mtu wa presha hakikisheni kwanza amemeza, ndiyo mumsifie chakula. Wa tezi la shingo naye aulize kabla, soya huchelewesha dawa zao kuingia." Nimeyaweka maneno hayo kwenye kila maelezo yangu tangu siku hiyo.

Nilikaa pembeni ya kitanda mchana ule na wazo moja likanijia. Kama fundi ameviweka kando, mama je? Butiama ndiyo kibuyu kilikoanzia. Nikatoka nje nikapiga simu.

"Mama, shikamoo. Vidonge bado unameza?"

"Marahaba. Sasa ndiyo nameza."

"Sasa vipi? Si ulikuwa unameza tangu zamani?"

Akacheka kile kicheko chake cha kukubali kosa. "Nilikuwa namezaga siku moja, naacha mbili. Nikimeza na chai tupu, moyo unataka kutoka mdomoni. Ningekuambia, ungekuja na daftari. Sasa nina kikombe changu kizito asubuhi, kidonge kinateremka kama kinaenda kwao. Sijaruka hata siku moja."

Nilikaa kwenye ngazi ya kituo. Presha ya mama, ambayo nilikuwa nimeitangaza Bunda kuwa ushindi wa peptaidi, ilikuwa imeshuka katika miezi ambayo kwa mara ya kwanza alimeza vidonge vyake kila siku. Sikujua sehemu ipi ilikuwa ya kidonge, ipi ya soya, ipi ya kuacha kulima akiwa na njaa. Mwalimu wa baiolojia anayejua maana ya jaribio lililofanywa vizuri alikuwa ameshangilia jaribio lisilo na kitu chochote cha kulinganishia. Lakini, na hili nililiona pale pale, soya ilikuwa imefanya jambo ambalo hakuna makala iliyonitabiria: ilimrudishia mama kitu tumboni asubuhi, na dawa ikapata pa kukaa.

Nikamsimulia yaliyompata fundi. Nikamuuliza kwa nini yeye hakuweka vidonge kando, na utaratibu wa kibuyu cha mizizi anaujua.

"Ulimpa kibuyu gani?"

"Kipya, kidogo. Nilikisafisha kwa maji ya moto."

"Hukukifukiza?"

"Hapana."

"Basi ulimpa dawa, mwanangu. Kibuyu cha maziwa kina moshi. Ukifungua tu, pua inajua hiki ni chakula, hiki kila mtu anakunywa. Kibuyu kidogo kisicho na moshi ni cha mgonjwa. Mimi hata gizani singekosea. Huyo mama wa watu hana kosa."

Nimesoma miaka mingi, na nimekulia kwenye nyumba yenye moshi ule ule, na sikuwahi kujua kwamba moshi ulikuwa unasema hivyo.

Jioni presha ya fundi ilianza kushuka. Aliruhusiwa kwa sharti la kurudi kila asubuhi kupimwa, na alirudi. Mimi nililala kwa rafiki yangu Bunda siku nne, nikamsindikiza. Nilijifunza kushona mikono ya sare za kwaya vibaya. Alifumua karibu yote niliyoshona. Siku ya tatu kisogo kiliacha kugonga. Siku ya nne alipitisha uzi kwenye sindano mara moja, akaninyooshea ule uzi kunionyesha.

Jumapili, baada ya ibada, niliomba dakika chache kwa akina mama. Niliwaambia nilikosea, na nikaeleza wapi. Niliwaambia mama yangu alikuwa akimeza vidonge wakati wote ule, na kwamba soya ni chakula chenye mema mengi, mengine bado yanachunguzwa, lakini haijachukua kazi ya kidonge cha mtu yeyote. Wawili wakatazamana. Mmoja akanyanyua mkono na kukiri kwamba naye ameacha vyake, siku tano sasa. Muuguzi yule wa kituo cha afya, ambaye alikuwa amekaa nyuma na watu wa kwaya ya pili, alimchukua pembeni palepale.

Fundi ndiye aliyemalizia kikao. Alisimama na futi yake shingoni, akawafundisha kufukiza kibuyu kwa kijinga, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza yale mama aliyoniambia kwenye simu. Aliwaeleza mtungo wa samaki vizuri kuliko mimi, akitumia shanga za gauni lake.

Wiki mbili baadaye nilikwenda naye kituoni kwa kipimo cha kawaida. Muuguzi alisoma, akaandika kwenye daftari la kliniki, akasema imekaa pazuri, aendelee vilevile. Tulipotoka nje fundi akanishika mkono.

"Sasa niambie ukweli, mwalimu. Hii iliyoshuka ni kidonge au ni soya?"

"Kidonge kimefanya kazi kubwa. Soya imesaidia kiasi gani, sijui. Nakuambia kweli kabisa, sijui."

Alifikiri hatua chache. "Sawa. Mimi nitaendelea na vyote viwili. Wewe endelea kutafuta, ukijua uje uniambie, utanikuta barazani."

Akavuka barabara kwenda kufungua cherehani yake, maana kwaya ya vijana nayo ilikuwa imeleta vitambaa.